Kujenga Timu kwa Kauntabuku na Vijana wa Mitaani: Mwongozo Kamili kwa Klabu Isiyo na Pesa

Msimu ukimalizika tu, simu zinaanza. Mmoja yuko Konde: "Tulianza kuandika takwimu, tukaishia mechi ya nne." Mwengine yuko Makunduchi: "Tuliita majaribio, wakaja vijana zaidi ya mia, tukachukua ishirini. Leo wamebaki watatu." Wa tatu walinunua kompyuta kwa pesa za mchango, na sasa inaangaliwa filamu nyumbani kwa katibu.

Kosa lao ni moja. Wanatafuta chombo kabla ya kuwa na swali, na wanamchagua kijana kwa jioni moja kisha wanamlaumu miaka miwili.

Mwongozo huu ni wa klabu ya daraja la chini, Unguja au Pemba, ile ambayo jezi hufuliwa nyumbani kwa golikipa na nauli ya boti ni ajenda ya kikao kizima. Wenye mdhamini na basi lao wasome pia, lakini sikuwakusudia wao.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Kauntabuku mbili nene. Moja ya mechi, moja ya vijana.
- Penseli, si kalamu ya wino. Tone moja la mvua ya masika na ukurasa wa wino umekwisha.
- Simu moja yenye kamera na chaji ya kutosha saa mbili.
- Tepu ya kupimia ya mita 30, ile ya mafundi ujenzi. Iazimeni kwa fundi, msinunue.
- Koni 20, au chupa za maji zilizojazwa mchanga.
- Mipira ya namba 5 kwa wakubwa na namba 4 kwa walio chini ya miaka 12.
- Vizibao vya rangi mbili.
- Faili la plastiki kwa kila kijana mnayemsajili.
- Watu watatu: anayeandika, anayerekodi kwa simu, na anayekwenda majumbani. Huyu wa mwisho awe mtu ambaye akipiga hodi, mama wa nyumba hamfungii mlango. Ni vigumu kumpata kuliko hao wawili.

Kompyuta haimo kwenye orodha kwa makusudi. Itafaa mwaka wa pili, mtakapokuwa na cha kuingiza.

## Hatua ya 1: Andika maamuzi kabla ya takwimu

Kaeni hao watu watatu na kocha, mjiulize ni maamuzi gani klabu inayafanya. Kwa klabu ndogo nimeona ni matatu: nani aanze Jumamosi, nani asajiliwe, nani aachwe. Kila safu mtakayoichora kwenye kauntabuku iguse moja kati ya hayo. Isiyogusa ifuteni.

Sababu yake ni uchovu. Mwandishi anayefuatilia mambo mengi huku mpira unakwenda hukosa nusu, na akishajua kuwa anakosa nusu anaanza kubuni. Mwaka wetu wa kwanza tulikuwa na safu 27. Moja iliitwa "ari". Aliyekuwa akiijaza alikuwa na mpwa wake kwenye timu, na mpwa alipata 9 kila wiki, hata ile wiki aliyolala na homa na uwanjani hakufika.

Mmefanikiwa pale mtu ambaye hakuwa kikaoni anapoisoma orodha na kuwaambia kila safu inaamua nini, bila kuelezwa.

## Hatua ya 2: Hesabu mambo sita

Sisi tumebaki na haya:

1. Dakika alizocheza kila mmoja.
2. Mashuti: ya ndani ya 18, yaani eneo la penalti, peke yake, na ya nje ya 18 peke yake.
3. Pasi iliyozaa shuti.
4. Mpira alionyang'anya.
5. Mpira alioupoteza kwenye nusu yetu wenyewe.
6. Mipira iliyokufa, yaani kona, adhabu na mirusho mirefu: nani alipiga, nani aligusa wa kwanza, uliishia wapi.

Golikipa ana ukurasa wake: mashuti yaliyolenga lango, aliyookoa, na krosi alizotoka kuzifuata.

Watu huniuliza kwa nini mashuti badala ya mabao. Bao ni kitu adimu, na kitu adimu hudanganya. Hata kwenye ligi kubwa za Ulaya, ni kama shuti moja kati ya kumi ndilo linaloingia. La kutoka nje ya 18 halifiki moja kati ya 20, wakati penalti huingia takriban tatu kati ya nne. Kijana anaweza kufunga mawili ndani ya mwezi kwa mashuti ya mbali yaliyogonga jiwe na kumpita kipa, mtaa mzima ukamwimba. Mwezi ujao jiwe hilo halitakuwepo. Anayejipatia nafasi mbili ndani ya 18 kila mechi, hata kama kwa sasa anazikosa, anajua pa kusimama, na hilo halimtoki kwa wiki moja.

Kuandika kwenyewe kuwe kwa alama fupi. N ni shuti la ndani, J la nje, P pasi iliyozaa shuti, Y kunyang'anya, T kupoteza. Dakika ya 23 namba 8 akimtengea namba 11, naye akapiga ndani ya 18, mwandishi anaandika "23: 8P, 11N" na kuinua macho. Hakuna sentensi. Anayeandika sentensi huwa anaandika bao la kwanza wakati la pili linaingia.

Nyumbani, usiku ule ule, alama zinahamishiwa kwenye ukurasa wa kila mchezaji na kugeuzwa kuwa kipimo cha dakika 90. Tuseme winga amecheza dakika 412 na ana N tisa. Gawa 9 kwa 412, zidisha kwa 90, unapata karibu 2. Mwenzake ameingia mechi moja tu, dakika 90, ana N tatu. Kwa hesabu tupu huyu wa pili ndiye bora, ana 3 dhidi ya 2. Kwa akili, bado hujui lolote juu yake.

Tahadhari: msimlinganishe mtu na mwenzake kabla hajafikisha dakika 450, yaani mechi tano kamili. Iandikeni kanuni hiyo juu ya ukurasa wa kwanza, maana kila wiki atatokea mtu wa kutaka kuivunja kwa ajili ya kijana aliyemwona jana.

Tahadhari nyengine: beki wa timu inayoshambuliwa muda wote atakuwa na Y nyingi kuliko beki wa timu inayomiliki mpira. Hiyo si sifa yake, ni kazi aliyopewa. Mlinganisheni na beki mwenzake wa timu hiyo hiyo.

## Hatua ya 3: Waandishi wawili kwenye mechi moja

Hatua hii hurukwa na karibu kila klabu, na ndiyo inayoua daftari lote.

Wapeni watu wawili mechi ile ile, mmoja upande wa magharibi wa uwanja, mmoja wa mashariki, wasizungumze. Baadaye linganisheni. Mara ya kwanza mtatishika: mmoja ana mashuti 14, mwenziwe ana 9. Tatizo si macho, ni maana. Mpira uliopigwa ukazuiwa na beki hatua mbili mbele ni shuti au si shuti? Krosi iliyopotea ikaelekea golini je? Amueni, muandike maana ndani ya jalada, mrudie mechi inayofuata.

Rekodi ya simu ndiyo hakimu wenu. Kwenye uwanja wa Gombani, Pemba, pana jukwaa, hapana shida. Kwenye viwanja vya vijijini tafuta pa juu: ukuta wa skuli, mgongo wa gari, mwembe kama anayerekodi ni mwepesi. Simu ilazwe kwa upana na ifuate mpira polepole. Anayemfuata mdogo wake muda wote apewe kazi ya kugawa maji.

Mko tayari pale tofauti kati ya waandishi wawili inapokuwa moja kati ya kumi au chini yake. Kabla ya hapo msimwachishe mtu timu kwa sababu ya daftari.

## Hatua ya 4: Chora ramani ya vijana

Kauntabuku ya pili inaanzia hapa. Gawanya eneo lenu kwa shehia, na kila shehia iwe na ukurasa wake: skuli zilizopo, uwanja wa chandimu, mpira wa mitaani, uko wapi, chuo cha Qur'ani kinatoka saa ngapi, nani anawafundisha watoto mpira bila malipo. Huyu wa mwisho ni hazina. Mtafute, mpe mpira mmoja, muulize swali moja tu: "Ukipanga timu yako, nani unamchagua wa kwanza hata kama hafungi?"

Ratiba za watu wetu zina siri zake, na anayezijua huwapata vijana ambao wengine hawawaoni. Kojani kijana anaweza kwenda dagoni, kambi ya wavuvi, na baba yake, akarudi baada ya miezi. Msimu wa karafuu, vijijini Pemba uwanja hubaki na watoto wadogo kwa sababu wakubwa wako juu ya mikarafuu. Ukipanga majaribio wakati huo, unachagua miongoni mwa wasiofanya kazi, na umewaacha wenye miguu na mikono ya chuma. Ramadhani usimpime mtu mbio wala pumzi. Masika uwanja wa udongo unakupa majibu ya matope.

Kuna kundi moja klabu maskini zinalidharau, na mimi ningeanza nalo: vijana wa miaka 17 hadi 20 walioachwa na timu nyengine. Brentford ya Uingereza, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2021 bila kuwa na pesa za majirani zake wa London, iliifunga akademi yake mwaka 2016 kwa sababu klabu kubwa zilikuwa zikiwabeba watoto iliowalea. Badala yake ikaunda timu ya pili ya vijana walioachwa kwengineko. Sisemi mfunge timu zenu za watoto. Nasema kijana aliyeachwa ameshajifunza mengi kwa gharama ya mtu mwengine, na mara nyingi kosa lake lilikuwa ni ufupi.

Hilo linanileta kwenye mwezi wa kuzaliwa. Timu za vijana zinapopangwa kwa mwaka, aliyezaliwa Januari anashindana na aliyezaliwa Disemba kama watu wa umri mmoja, ilhali baina yao kuna miezi 11 ya mifupa. Makocha dunia nzima huwachagua wa mwanzo wa mwaka bila kujua. Jipimeni: orodhesheni miezi ya kuzaliwa ya kikosi chenu cha vijana. Wa Januari hadi Machi wangetakiwa kuwa kama robo. Wakipita nusu, hamkuchagua vipaji, mmechagua wakubwa. Rudini mkawatazame wa Oktoba hadi Disemba mliowakataa.

## Hatua ya 5: Majaribio ya wiki sita

Jioni moja ya vijana mia inampa ushindi mwenye sauti, mwenye viatu vipya na mwenye mjomba kwenye kamati. Fanyeni hivi badala yake.

Wiki ya kwanza na ya pili, watazameni walipo. Msiite mtu. Nendeni chandimuni baada ya sala ya alasiri, simameni mbali. Kijana akijua anatazamwa anapiga chenga asizozipiga siku nyengine. Andikeni majina 40, si zaidi.

Wiki ya tatu na ya nne, mchezo wa kuchanganywa. Waiteni ishirini ishirini. Kila ishirini mnawagawa timu nne za watu watano kwenye viwanja viwili vidogo, mechi za dakika sita. Kila mechi ikiisha timu zinavunjwa, zinapangwa upya kwa kura: namba kwenye vikaratasi, vikaratasi ndani ya kofia. Aliyeshinda anajiandikia pointi 3 yeye mwenyewe, sare 1, kushindwa 0. Jioni moja mechi sita kwa kila mmoja, jioni tatu mechi 18.

Hii ndiyo takwimu ninayoipenda kuliko zote kwenye mwongozo huu. Mtu mmoja anaweza kubebwa na wenzake mara mbili tatu. Akichanganywa na watu tofauti mara 18 na bado timu yake inashinda, basi kuna kitu anachokifanya hata kama wewe hukukiona. Kwetu aliyeongoza mara ya kwanza alikuwa kijana mwembamba wa kiungo ambaye hakuna kati yetu watatu aliyekuwa amemwandika jina lake kwenye karatasi ya "wazuri". Tuliporudi kwenye rekodi ndipo tukaona: kila akipokea mpira alikuwa ameshatazama nyuma yake. Hakuwa akifanya kingine cha ajabu.

Wasio na kofia watumie mfuko. Lakini kura iwe kura. Kocha akianza kupanga "ili timu zilingane," hesabu nzima imeharibika.

Wiki ya tano, mazoezi na kikosi cha wakubwa. Mara tatu. Hapa mnatazama jambo moja: akielekezwa kosa Jumatatu, analifanya tena Jumatano?

Wiki ya sita, mechi mbili za kirafiki za dakika kamili, na waandishi wote wawili kazini.

Mmefanikiwa ikiwa kati ya 40 mmebaki na watano au sita, na kwa kila mmoja mna ukurasa uliojaa. Wakizidi hao, mmeshindwa kukataa.

## Hatua ya 6: Pima mwili bila kudanganywa na mwili

Mbio za mita 30 kwanza. Msitumie saa ya kubonyeza kwa kidole. Kidole huchelewa, na kwa umbali mfupi hivyo kuchelewa kwake ni kukubwa kuliko tofauti ya vijana wawili. Rekodi kwa simu. Video ya kawaida ina picha 30 kwa sekunde, hivyo hesabu picha tangu mguu wa nyuma unapoondoka chini mpaka kifua kinapovuka mstari, ugawe kwa 30. Picha 138 ni sekunde 4.6. Uwanja uwe ule ule, saa ile ile, viatu au miguu mitupu kwa wote.

Kisha urefu. Kila miezi mitatu mpime kila kijana kwenye ukuta ule ule, bila viatu, asubuhi kama inawezekana kwa sababu jioni mtu amepungua kidogo. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kubwa zaidi karibu na miaka 14, lakini yupo wa 12 na yupo wa 16. Aliyetangulia kukua anawashinda wenziwe kwa nguvu tu, na siku watakapomfikia hana silaha nyengine.

Kuna hesabu ya zamani ya madaktari wa watoto ya kukisia mvulana atafika wapi: urefu wa baba jumlisha wa mama kwa sentimita, ongeza 13, gawa kwa mbili. Baba 170, mama 158, jibu ni 170.5, na kupotoka kwa sentimita nane au tisa juu au chini ni jambo la kawaida. Msimkatae mtu kwa hesabu hii. Itumieni kumsubiri mfupi, hasa golikipa na beki wa kati.

Tahadhari: kijana aliyeongezeka zaidi ya sentimita mbili na nusu ndani ya miezi mitatu apunguziwe kuruka na kukimbia kwa muda. Akilalamika maumivu ya mfupa chini kidogo ya goti, msimwambie avumilie. Akichechemea au kuvimba, hospitali.

Tahadhari ya umri: asiye na cheti cha kuzaliwa hana faili. Linganisha cheti na rekodi za skuli. Umri wa uongo humletea kijana kombe la mwaka mmoja, kisha hukwama mbele. Tangu mwaka 2009 FIFA hutumia picha za MRI, zinazoonesha ndani ya mfupa, za kifundo cha mkono kukagua umri kwenye mashindano ya chini ya miaka 17. Na zaidi ya kukwama, takwimu zake zote mlizoziandika ni za mtu mwengine.

## Hatua ya 7: Piga hodi

Klabu nyingi hukosa kijana mlangoni kwao, si uwanjani. Mtu wenu wa tatu aende kabla ya fomu yoyote, na aende mchana, si usiku na rundo la viongozi.

Mara moja nilifuatana naye hadi nyumba moja karibu na Chake Chake. Mama alikuwa akikuna nazi, hakuinuka kwenye mbuzi.

"Maalim, mpira mwanangu anaupenda. Chuo atakwenda saa ngapi?"

"Bi mkubwa, mazoezi yetu yanaanza baada ya chuo kutoka. Siku za mtihani wa skuli haji kabisa."

"Na akivunjika?"

Hapo mwenzangu hakutoa ahadi kubwa. Alisema, "Tutampeleka hospitali sisi, nauli na matibabu juu ya klabu, na mimi nitakuja mwenyewe kukwambia, si kutuma mtu." Mama akaendelea kukuna, kisha akasema, "Haya. Lakini ukinitumia mtu, simtoi tena."

Msiahidi msichonacho. Ratiba iandikwe kwenye karatasi na ibaki nyumbani. Ruhusa ya mzazi iwe na saini, na picha za watoto zisisambazwe hovyo kwenye simu.

Kwa walio chini ya umri, muwaeleze wazazi jambo moja waziwazi: kanuni za FIFA haziruhusu uhamisho wa kwenda nchi nyengine kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa sharti chache. Anayekuja na habari ya majaribio Ulaya kwa mtoto wa miaka 15 na anataka pesa za viza mbele, ni tapeli.

## Hatua ya 8: Pata pointi za bure kwenye mipira iliyokufa

Kona haihitaji mshahara. Midtjylland ya Denmark ilichukua ubingwa wa nchi yake kwa mara ya kwanza mwaka 2015, na sehemu kubwa ya sifa yake ni mabao ya kona, adhabu na mirusho. Nyinyi hamna wachambuzi, lakini mnayo safu ya sita kwenye kauntabuku.

Baada ya mechi nane isomeni. Nani wetu anagusa wa kwanza? Kona fupi zimezaa mashuti mangapi dhidi ya ndefu? Chagueni namna mbili tu za kona na moja ya mrusho, mzifanye dakika 20 kila Alhamisi. Kwenye uwanja wa mchanga mpira wa chini haufiki, uinueni.

Kipimo ni mashuti kwa kila kona kumi. Mkitoka mawili mkafika manne, endeleeni hata kama bao halijaja.

## Hatua ya 9: Kikao cha kusema hapana

Mara tatu kwa msimu, kocha, mwandishi na mwenyekiti wakae na kurasa. Kila jina lisomewe namba zake kwanza, maoni baadaye. Kinyume chake ni kwamba mwenye sauti nzito akishasema "yule mtoto ana kipaji", namba hazisomwi tena.

Hapa ndipo kauntabuku inapolipa gharama yake. Mzee wa klabu akija na mjukuu wake, kocha hana haja ya kugombana naye. Anafungua ukurasa: "Mzee, shikamoo. Huyu hapa, dakika 510, huyu mwenzake hapa, dakika 530. Tazama mwenyewe." Daftari linakataa kwa niaba yake. Wazee wengi hukubali. Asiyekubali ataondoka na mchango wake, na hilo mlijue mapema.

Upande wa pili, daftari lisigeuzwe msahafu. Kijana aliyefiwa au anayetembea kilomita nane kuja mazoezini ana namba mbaya kwa sababu isiyo na safu. Mwandishi aandike hilo pembeni kwa penseli.

## Hatua ya 10: Jitayarishe kuondokewa

Mkifanya vizuri mtanyang'anywa. KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo na Zimamoto ni timu za vikosi vya serikali ya Zanzibar, na kikosi humpa kijana ajira pamoja na jezi. Hamtashindana na mshahara wa kila mwezi, na msijaribu kumfungia mtoto wa watu riziki. Njia hiyo imefika mbali: Feisal Salum alipitia JKU na Ibrahim Bacca alipitia KMKM kabla ya wote wawili kuvaa jezi ya Yanga.

Mnachoweza ni kutotoka mikono mitupu. Kijana akitakiwa, ombeni kwa maandishi asilimia ya mauzo yajayo, hata kama leo anaondoka bure. Klabu kubwa hukataa kutoa pesa taslimu kwa urahisi, lakini ahadi ya pesa ambazo hazijapatikana huwa haziwaumi.

Halafu ziko haki za FIFA. Mchezaji akiuzwa kutoka shirikisho moja kwenda jengine mkataba wake ukiwa hai, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea tangu mwaka wa 12 hadi wa 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya bei, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una 0.5. Aliyekaa kwenu misimu minne, 16 hadi 19, akiuzwa kwa dola 100,000, fungu lenu ni dola 2,000. Kwa klabu ya mashamba hizo ni nauli za boti za muda mrefu.

Kumbukeni Zanzibar haina uanachama wake FIFA. Mwanachama ni TFF, shirikisho la mpira la Tanzania. Kijana akitoka Wete kwenda Dar es Salaam huo si uhamisho wa kimataifa, mfumo huo haumgusi, na kinachowalinda ni karatasi yenu tu. Akitoka Dar es Salaam kwenda ng'ambo, ndipo historia ya usajili wake inapofukuliwa mwaka kwa mwaka. Msimu ambao hamkumsajili rasmi ni msimu ambao hakuwa wenu, hata kama alilala nyumbani kwa katibu na kula chakula cha mke wake.

Kwa hiyo fomu ya usajili ya kila msimu, nakala ya cheti cha kuzaliwa, ruhusa ya mzazi na barua ya kuondoka, vyote ndani ya faili lake la plastiki. Nakala ya pili kwenye simu, ya tatu nyumbani kwa mtu mwengine. Sisi zetu zilikuwa kwenye kabati la mbao la ofisi. Tulipolifungua kutafuta fomu za misimu mitatu ya kijana mmoja, mchwa walikuwa wameshafika hadi rafu ya pili, na kilichobaki cha jina lake kilikuwa ni herufi ya kwanza na muhuri. Siku hizi faili zetu zinaning'inia kwenye waya, juu kidogo ya kichwa cha mwenyekiti.